Msimu Tulioruka Uzio

Otieno alinipigia simu Ijumaa jioni kuniuliza swali moja tu, hata salamu aliisahau. "Tatu, capi anakuja ama haji?" Nikamwambia mimi si katibu wa capi. Nilikuwa jikoni kwa Mama Chausiku, Doonside, magharibi mwa Sydney, mikono inanuka kitunguu saumu, nachambua mchele wa pilau ya arobaini yake ambayo ilikuwa kesho yake, na sikuwa na nafasi ya maswali ya mtu aliyejilaza kwenye kochi. Lakini nilipokata simu sikuurudia mchele. Niliizunguka meza, nikafungua friji bila kutaka kitu, nikaifunga, nikaenda dirishani kutazama lango, nikarudi. Mama Chausiku angekuwepo angesema alilolisema siku zote: "Tatu, kaa chini mwanangu, unanitia kizunguzungu." Capi ni Dezi, aliyekuwa nahodha wa timu ya mpira ya chuo chetu, na alikuwa amekata mguu katika nyumba hii tangu ule mwaka wa korona tuliofungiwa. Hakuja Idi, hakuja Krismasi, hakuja Mama alipougua. Siku ya mazishi alituma ujumbe wa pole ambao mtu yeyote angeweza kumtumia mtu yeyote. Kwa hiyo Otieno aliuliza kitu ambacho mimi nilikuwa nacho tumboni tangu asubuhi.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mchana nasoma uhasibu, jioni nadeki ofisi za watu ambao wenyewe walikuwa wanafanyia kazi nyumbani. Nilipanga chumba kwa Mama Chausiku. Nyumba ilikuwa karibu na stesheni, treni ikipita vikombe vinagongana kabatini, na kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba hapakuwa na siri ya mtu. Chumba cha pili alikaa Otieno, Mkenya wa Kisumu, aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Usiku nilimsikia akiota kwa sauti, "Sit down, Margaret, please sit down," na asubuhi nikimtania kuhusu huyo Margaret alikuwa ananijibu kwamba Margaret ana miaka tisini na ana akili kuliko mimi. Mama mwenyewe alikuwa Mtanzania wa Bagamoyo, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Kazi yake ilikuwa kupakia vyakula vya kwenye ndege. Ndege zilipoacha kuruka, kazi nayo ikasimama, na akabaki na nguvu zote zile ndani ya nyumba, hana pa kuzipeleka. Alipika maandazi ya mtaa mzima. Alilima mchicha na kotimiri nyuma ya nyumba, kandokando ya uzio wa bati. Halafu, kwa bahati yao njema au mbaya, akaipata timu.

Sisi tuliiita Zambarau kwa sababu ya jezi, ingawa jezi zenyewe zilikuwa zimefuliwa hadi zikafanana na juisi ya zabibu iliyozidishwa maji. Ilikuwa timu ya wanafunzi. Nusu ni Waafrika wa kila kona, wengine Wanepali, na kipa kijana wa Kivietinamu kutoka mtaa wa Cabramatta ambaye Mama alimwita Bakari kwa kuwa jina lake halisi lilimshinda. Nahodha na mfungaji alikuwa Dezi, Mkongo wa Bukavu, mrefu, mpole, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye akikosa goli anamwomba radhi kipa wa upande wa pili. Mwaka uliotangulia walimaliza karibu na juu, kwa hiyo msimu huo tulijua kombe ni letu. Tulijua kabisa! Otieno alinunua ndoo mpya ya plastiki ya kupiga ngoma. Mama akafuma skafu ya zambarau, moja ndefu, akasema tutaivaa kwa zamu. Kila Jumamosi tulijipanga nyuma ya goli, Mama na chupa ya chai ya tangawizi na kachori, Otieno na ndoo yake, wanafunzi wengine wachache wanaokuja na kuondoka, na mimi nikitembea. Sijawahi kutazama mpira nimekaa. Nilikuwa natoka kibendera cha kona hii hadi kile, narudi, nikifika katikati nafumba macho kama mpira uko kwetu.

Nikifikiria sasa, najua nilichokuwa nakifuata pale si mpira peke yake. Tangu Jumapili hadi Ijumaa nilikuwa nasikia sauti yangu darasani kwenye kompyuta na kwenye korido tupu za ofisi. Mipaka ilikuwa imefungwa, hakuna aliyetoka nyumbani kuja wala aliyeweza kwenda. Jumamosi ndiyo siku niliyopiga kelele kwa Kiswahili, nikatukanwa kwa mapenzi, nikala chakula kilichotoka kwenye mkono wa mtu mwingine. Ndiyo maana lile tangazo la mwezi wa tano lilitupiga vibaya. Kocha alilisoma uwanjani, karatasi inatetemeka kwa upepo: chuo kina wanafunzi wachache kuliko kawaida, na timu ikishuka daraja haitaandikishwa tena. Hatungekuwa na timu ya mwaka ujao wala ya daraja la chini. Tungekwisha. Otieno alisema kimzaha, "Basi tutakutana wapi, kwa laundry?"

Na tulikuwa tunashuka. Hapo ndipo hata leo watu wakikutana wanaanza kubishana. Mechi ya kwanza tulifungwa dakika za mwisho kabisa, watu wameshaanza kukunja mablanketi. Ya pili beki wetu alijifunga kwa kichwa, goli safi, ungefikiri alifundishwa. Ya tatu ilinyesha, tukatoka sare na timu ambayo nusu yao walikuwa madaktari wa meno wenye mvi. Dezi, aliyekuwa anafunga kila wiki, akawa anapiga nguzo. Kila Jumamosi jioni tulirudi Doonside, tunakula wali na samaki wa Cabramatta bila kutazamana, na mimi nilikuwa naosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Siku moja Mama Chausiku aliweka kijiko chini akasema, "Hii timu imechezewa." Nilijua anapoelekea, kwa sababu mtu yeyote aliyekulia Tanzania anajua. Kwetu, timu ikiwa na wachezaji na kocha bila kamati ya ufundi, hiyo bado si timu. Nayo kamati hiyo haina uhusiano wowote na ufundi wa mpira. Ndiyo inayojua nani amwagiwe nini, basi ligeuke wapi, na zaidi ya yote, timu iingie uwanjani kwa njia gani. Geti kuu ndilo wapinzani wanalolishughulikia usiku. Mwenye akili hapiti getini, anaruka ukuta. Tumeona timu kubwa zikiruka kuta, wachezaji wa mamilioni wakipandishana mabegani, na hakuna anayeuliza sababu. Otieno alishika kichwa. "Mathe, hii ni Sydney. Nani atakuroga hapa, dentist?" Mama akamjibu, "Mwanangu, wewe umeona nguzo ngapi? Nguzo zote hizo ni bahati mbaya tu?"

Kamati ikaundwa pale mezani, mwenyekiti yeye, wajumbe sisi tuliokuwa tunatafuna. Masharti yalikuwa mepesi. Hatupiti getini. Anayetangulia kuruka anasimama upande wa ndani na kumwuliza kila anayefuata, "Umepita wapi?" naye anajibu, "Si mlangoni." Ukikosea jibu unarudi kuruka upya. Nusu tulifanya kwa utani, nusu nyingine sitaisema. Mama alitaka na wachezaji waruke, na hapo ndipo alipogongana na Dezi. Alikuja kuchukua kachori za timu, akasimama mlangoni, barakoa chini ya kidevu. "Mama, hapana," alisema. "Miye siko mwizi. Mulango iko wazi, miye napita kwa mulango. Mungu ananiona." Mama alimtazama kwa upendo wa mtu anayemhurumia mgonjwa asiyekubali dawa. "Haya baba, wewe pita mlangoni. Sisi tutakurukia." Alicheka Dezi, akambusu kwenye paji la uso, maana mambo ya kutokaribiana yeye na Mama hayakuwahi kuwakaa.

Mechi niliyoisimulia mara nyingi kuliko zote ilichezwa Ingleburn, kwenye kiwanja nyuma ya maghala, wiki ile ya mwisho kabla jiji halijafungwa. Habari za wagonjwa zilikuwa zimeanza, watu wachache upande wa baharini, mbali na sisi, tukawa tunazisikia kama habari za nchi nyingine. Chama cha ligi kilikuwa kimeshaziandikia timu zote: kila mtazamaji ajiandikishe getini, kwenye ile karatasi yenye vimiraba vyeusi ambavyo wakati huo ulivielekezea simu yako kabla ya kuingia popote, na timu ambayo mashabiki wake watakutwa hawajaandikishwa itapoteza pointi. Tulilijua hilo. Hakuna aliyeweza kusema hakulijua. Lakini tulipofika tulimkuta mzee mmoja wa timu ya wenyeji akimwaga maji getini kwa ndoo. Alikuwa anaosha matope, naamini hivyo. Mama Chausiku alisimama ghafla, akanishika mkono. "Umeona? Anamwaga kushoto kwenda kulia." "Mama, anaosha." "Tatu, nani anaosha barabara?" Tukazunguka nyuma ya ghala.

Uzio ulikuwa wa wavu, mfupi, umelegea katikati. Mama alitangulia. Bado namwona, na gauni lake la kitenge juu ya suruali ya mazoezi, mguu mmoja huku na mwingine kule, Otieno akimsukuma kutoka chini huku akisema "Manze, Mathe, wewe ni mzito," naye akicheka hadi akaishiwa nguvu katikati ya uzio na kubaki pale juu. Alipoangukia ndani alijifuta nyasi, akasimama wima kama askari wa lindo. "Umepita wapi?" "Si mlangoni." Mmoja mmoja. Tulikuwa tunapiga kelele sana, tunacheka sana, na watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kututazama. Mmoja wao alikuwa mama wa Kirundi, au Mnyarwanda, sijui, na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, pamoja na vijana wawili watatu. Waliuliza kwa Kiswahili kuna nini, tukawaambia kuna mpira, karibuni. Mama Chausiku mwenyewe alimpokea yule mtoto juu ya uzio. Akamwuliza mama yake umepita wapi, na yule mwanamke, bila kujua lolote, akacheka akajibu alivyofundishwa.

Na tukashinda. Niseme nini? Tulishinda. Dezi alipita getini, akajiandikisha, akaingia uwanjani akifanya ishara ya msalaba, na kipindi cha pili mpira ulimdondokea mguuni nje ya boksi akaupiga bila kufikiri, nao ukagonga nguzo, ile ile nguzo iliyotutesa msimu mzima, ukaingia ndani. Nilikuwa nimefumba macho. Nilijua kwa kelele. Nilipofumbua, Mama alikuwa amepiga magoti kwenye matope na skafu kichwani, yule mtoto wa mama wa Kirundi anarushwa juu, na Dezi anakimbia kuja kwetu nyuma ya goli, anamnyooshea Mama kidole, anacheka. Pointi zile zilitutoa mkiani. Tulirudi Doonside tunaimba kwenye treni hadi mtu mmoja akahama behewa.

Siku chache baadaye, jioni, Dezi alipiga simu ya picha. Tuliiegemeza kwenye kopo la sukari. Uso wake ulikuwa mkavu. Amepata ujumbe kutoka kwa watu wa afya: kulikuwa na mgonjwa uwanjani Ingleburn, mtu wa kwenye kibanda cha soseji, wote walioandikishwa wapime na wakae ndani wiki mbili. Nilizichukua simu zetu zote mezani, nikazigeuza moja moja. Hazikuwa na kitu. Kwa watu wa afya, sisi hatukuwahi kufika Ingleburn. Nilikaa chini, nadhani ndiyo mara pekee mwaka ule, halafu nikasimama tena.

"Basi iko muzuri," Dezi alisema. "Mupime pole pole, mukae nyumba, musiseme kitu. Otieno, unaambia boss uko mgonjwa. Kama banajua muliruka, bananyanganya sisi pointi. Timu inakufa, Mama. Unajua timu inakufa." Mimi nilitaka afanikiwe. Nilimtetea kwa sauti, nikasema tutapima, tutakaa ndani, nani atadhurika? Nilisema nikiwa nazunguka ile meza. Otieno aliinamisha kichwa. "Wasee, mimi siwezi danganya kazini. Wakiuliza contact ilikuwa wapi, niseme nini? Kule kuna watu wa ninety." Lakini hata yeye alisema polepole, na nilisikia kwamba akibembelezwa kidogo atakubali kuitwa mgonjwa wa mafua.

Mama Chausiku alikuwa amekaa pembeni ya meza. Alikuwa anakunja skafu, anaikunjua, anaikunja. Mwishoni aliuliza, "Na yule mwanamke?" Dezi akauliza mwanamke gani. "Mwenye watoto. Niliyempokelea mtoto. Alisimama karibu na kibanda cha soseji nusu nzima, mtoto alikuwa anataka mkate. Wewe unamjua jina? Tatu, unamjua? Nani atamwambia?" Hakuna aliyemjua. Mama akaendelea, na sauti yake ile ya kuvuka barabara ilikuwa imeshuka hadi nikalazimika kusogea. "Wakijua kuna watu hawakuandikwa watatangaza uwanja kwenye taarifa, kila mtu asikie. Wasipojua hawatatangaza. Mimi ndiye niliyemrusha." Dezi alianza kulia, kwa hasira. "Mama, pardon, nakuomba. Miye niko nahodha. Miye sikuruka. Miye nilipita kwa mulango, na bananihukumu miye." Kwa hilo alikuwa na haki, na bado anayo.

Mama aliipigia namba ya watu wa afya palepale, simu ya Dezi ikiwa bado hewani kwenye kopo la sukari. Akaweka sauti ya nje kwa sababu alitaka Otieno amsaidie maneno, lakini hakuhitaji msaada. "Good evening, sister. I was at the football in Ingleburn. No, I don't scan. We jump." Yule dada upande wa pili akauliza kama geti lilikuwa limefungwa. "No, sister. The gate was open." Akaisogelea simu. "The gate was not good." Na hapo, mbele ya macho yetu, Mama Chausiku wa Bagamoyo alimweleza mtumishi wa serikali ya Australia kamati ya ufundi ni nini. Alimweleza habari ya maji ya kushoto kwenda kulia. Alimweleza nguzo. Otieno aliuficha uso wake kwenye kiwiko, mabega yanatikisika, na mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Yule dada alisikiliza yote kwa heshima. Kisha akauliza ni watu wangapi waliruka, na ni akina nani. Mama akataja majina yetu. Alipomaliza akasema, "And two-three boys, and one woman with two small children. I don't know her. Please, you find her." Nilipotazama kopo la sukari, kioo cha simu kilikuwa cheusi. Dezi alikuwa ameshakata.

Uwanja ulitangazwa. Pointi zilikatwa, tukarudi mkiani. Tulipima ndani ya gari la Otieno, foleni ndefu kuliko ya msikitini siku ya Idi, na majibu yakaja: hakuna aliyeambukizwa hata mmoja, si Otieno, si mimi, si Mama. Halafu jiji likafungwa, na huku kwetu magharibi wakatufungia zaidi kuliko wengine. Tulizuiwa kwenda mbali na nyumba, helikopta zikawa zinazunguka juu ya paa, nami nikazunguka chini yake, kutoka chumbani hadi jikoni, jikoni hadi kwenye mchicha, hadi Otieno akaniambia zulia la korido limeisha. Jumamosi, saa ya mechi, Mama alikuwa anavaa skafu na kupika kachori, anaziweka kwenye sahani kana kwamba watu watakuja. Alimpigia Dezi kila Jumamosi. Simu iliita hadi ikakata. Baada ya majuma mengi chama cha ligi kilitangaza msimu umefutwa wote, mechi zote, pointi zote. Hakuna bingwa, hakuna aliyeshuka. Nilipomsomea Mama tangazo lile alikuwa anakata vitunguu. Aliacha kisu, akasema, "Kumbe," akaendelea kukata. Mwaka uliofuata chuo hakikuandikisha timu, na hawakuhitaji sababu ya kushuka daraja. Wachezaji hawakuwepo tena. Bakari alienda jeshini. Dezi alihamia Perth, ambako ni mbali na hapa kwa kila hali.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tunabishana juu yake siku ya arobaini, baada ya khitma, sahani za pilau magotini, wanaume sebuleni na kwenye ngazi za mbele, wanawake jikoni lakini milango wazi, kwa hiyo mjadala ulikuwa mmoja. Otieno, ambaye sasa ana kitambi na ni bosi wa zamu, alikuwa anawasimulia vijana ambao hawakuwepo. Mmoja akasema kama Mama angenyamaza tungebaki na ushindi mmoja wa kujivunia. Mwingine akamjibu ushindi gani, si ulifutwa? Mwingine: lakini hakujua kama utafutwa. Na hakuna aliyeugua. Na yule mwanamke? Hakuna aliyewahi kujua kama tangazo lilimfikia. Mtoto wa Otieno, anayeelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, akauliza, "So did you guys win or not?" Watu wazima wakaanza kujibu kwa pamoja. Mimi sikuweza kukaa mle. Nimelifikiria swali hilo miaka yote na kila nikidhani nimelimaliza linaanza upya. Kuna siku namwona Mama alikuwa na haki kabisa. Kuna siku namkumbuka Dezi kwenye kopo la sukari na moyo unaniuma kwa ajili yake, mtu pekee aliyepita mlangoni. Nilibeba maganda ya ndizi nikatoka nayo nyuma, kwenye mchicha, kuyatupa.

Bati la uzio lilitoa mlio. Nilidhani ni paka wa jirani. Kisha ukatokea mkono juu ya bati, halafu wa pili, halafu kichwa chenye mvi mbili tatu nisizozijua, na Dezi akapanda juu ya uzio kutokea kwa jirani akiwa na suti nyeusi na tai. Mbele geti lilikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka. Alikaa kule juu, mguu huku, mguu kule, vilevile alivyokaa Mama Ingleburn, suruali imechanika gotini. Akaruka. Akatua katikati ya mchicha, akainuka, akajifuta mikono, na akasimama pale pale bila kusogea hata hatua, macho yake kwenye mlango wa jikoni. Nilielewa anachosubiri. Otieno alikuwa ametokea mlangoni na sahani yake mkononi. Aliyetangulia ndiye anayeuliza, na aliyetangulia hakuwepo. Mimi, na maganda yangu ya ndizi, nikaenda kusimama mbele yake.

"Umepita wapi?"

"Si mulango, Mama," Dezi alisema, na hakuwa ananijibu mimi.